Jiwe la Shimo la Baba

Katika maabara ya idara ya madini, Nyamizi aliliweka jiwe kwenye mashine ya kupima uimara. Lilitoka kwenye shimo alilokuwa akichimba baba yake. Kama lingepasuka kabla mshale wa mashine haujafika hamsini, shimo lingefungwa, na baba hakujua kazi nyingine.

“Binti, unaliombea dua?” Dakta Kalunde, mkuu wa maabara, alimtania.

“Nalisikiliza tu, Dakta.”

Mashine ikaunguruma. Nyamizi akamwona baba ndani ya jiwe, ameinama, mlima mzima umemlalia mabegani. Mshale ukafika arobaini.

“Pasuka,” alinong'ona. “Pasuka, atoke.”

Ufa mwembamba kama unywele ukashuka taratibu ubavuni mwa jiwe, na mwanga wa dirishani ukaanza kuingia ndani.