Usaili wa Jumatatu

"Miguu," alisema Shangazi Hom.

Anselm aliirudisha haraka chini ya benchi. Nyayo zake zilikuwa zimeelekea mlango wa ofisi ya mkoa, na nyuma ya mlango ule walikaa wasaili watatu. Watu wa namna hiyo huwaoneshi nyayo, ni matusi, hata kama kuna ubao wa mlango katikati.

"Miaka kumi na miwili," alisema Shangazi Hom, "na bado unakaa kama umemwagwa."

"Ni wasiwasi, shangazi."

"Wasiwasi unakaa miguuni?"

Phikun, mwanamke aliyeuza kahawa pale barazani, alicheka mpaka barafu ikagonga kwenye glasi. "Mwache, shangazi. Mzungu wako anatiririka jasho. Amekuja kwa ajili ya usaili wa uraia, eti?"

"Ndiyo huo."

"Pole yenu. Mwezi uliopita alitoka mtu humo analia. Aliambiwa aimbe wimbo wa taifa, akakwama katikati."

Anselm alifuta shingo. Shangazi Hom aliiweka kahawa yake chini bila kuionja.

Barua ya kuitwa ilikuwa imechukua miaka saba. Aliyeshindwa siku ya usaili, faili lake lilirudi chini ya rundo, na safari ikaanza upya. Shangazi Hom alikuwa na miaka sitini na sita, na alikwisha kusema waziwazi kwamba hana nia ya kungoja saba mingine. Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa amekagua nakala zote za faili, kila moja na sahihi yake, na kumrudisha Anselm nyumbani abadilishe shati. Jumatatu ni siku ya njano, rangi ya siku aliyozaliwa mfalme. Yeye mwenyewe alivaa njano, na Anselm sasa alivaa njano.

Anselm alikuwa ameshuka kwenye basi hapa Chiang Rai na begi moja, akapanga chumba juu ya jiko ambamo Shangazi Hom alipika tambi. Siku ya kwanza aliingia jikoni na viatu. Siku ya tatu alimpapasa mtoto wa jirani kichwani, na bibi wa mtoto hakumsemesha wiki nzima. Siku ya tano aliikanyaga noti iliyokuwa ikipeperushwa na upepo, uso wa mfalme ukiwa juu. Hapo Shangazi Hom alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia anunue daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa mapajani mwa Anselm sasa, limeota madoa ya mchuzi. *Kichwa cha mtu hakiguswi. Ukihama chumba, toa taarifa, usingoje kuulizwa. Ukiudhika, punguza sauti. Ukiudhika zaidi, tabasamu.*

"Niulize," alisema Shangazi Hom. "Nikuoneshe wanavyojibu watu wenye adabu."

"Ukikutana na mtawa njiani?"

"Napisha. Na simgusi, hata akiwa mtoto wa dada yangu. Lingine."

"Gavana wa mkoa?"

Alitaja jina, na cheo, na jina la mke wa gavana pia.

"Mke hawamuulizii, shangazi."

"Wakimuulizia je?"

"Wimbo, basi," alisema Anselm.

Waliuimba pamoja kwa sauti ya chini. Kwenye mstari wa tano Anselm alipanda juu kuliko alivyoweza, na mbwa aliyelala chini ya pikipiki akaamka, akahama.

"Mama yangu!" alisema Phikun. "Kaka, humo ndani uimbe polepole. Wasaili wana mioyo dhaifu."

Shangazi Hom alicheka mpaka akajifuta macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mabega yake yalishuka.

Mlango ulifunguliwa. "Mwombaji na shahidi!"

Wote wawili walisimama, wakavua viatu, ingawa hapakuwa na aliyewaambia.

"Bahati njema, kaka!" alisema Phikun.

Anselm alifungua mdomo kumjibu, lakini Shangazi Hom alikuwa amekwisha kumvuta mkono wa shati.

Ndani kulikuwa na viti viwili na feni moja. Wimbo uliimbwa hadi mwisho, ukitetemeka mwanzoni tu. Gavana alitajwa. Rangi tatu za bendera zilielezwa, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mke wa gavana hakuuliziwa.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani, aliweka alama baada ya alama. "La mwisho," alisema. "Jirani ameegesha gari mbele ya lango lako. Unafanya nini?"

Jibu lilikuwa tayari. "Nampelekea papai. Kisha namwambia niko tayari kumsaidia kusukuma gari lake, maana bila shaka limeharibika."

Wasaili wote watatu walicheka. Yule wa pembeni aliomba jibu lirudiwe, aliandike.

"Basi," alisema mwenyekiti, "kwa upande wa mwombaji tumeridhika. Hatuna pingamizi." Alichukua muhuri, lakini hakuugonga bado. "Limebaki swali moja la shahidi. Shahidi, kitambulisho chako cha uraia nimekiona, kiko sawa." Aligeuza ukurasa, akasoma. "Mwombaji, Bi Hom, mpishi, mzaliwa wa Kengtung, Burma. Unamfahamu mgeni huyu tangu lini?"

"Tangu wiki yangu ya kwanza nchini, mheshimiwa," alisema Anselm. "Ndiye aliyenifundisha kuishi hapa."