Wanaozima Taa

Tangu giza lipigwe marufuku, taa ya uani kwa Zuwena haikuzimwa usiku wala mchana. Ili nebula, lile wingu hafifu la gesi na vumbi kati ya nyota, lionekane, alilipiga picha mamia na kuzipandanisha mpaka litokeze. Majirani walijaa kutazama, kahawa mkononi, umbea mdomoni.

"Mbona nyota zimepungua, shoga?" aliuliza Mwanahawa.

Zuwena alilinganisha na picha ya mwezi uliopita. Kweli, za mbali zilikwisha kuzimika, na sasa za karibu nazo zilianza.

"Makubwa! Wenzetu wanazima taa," Mwanahawa alicheka. "Wanamkwepa mgeni gani?"

Hakuna aliyecheka naye. Zuwena alipapasa ukuta akitafuta swichi, kisha akakumbuka kwamba nyumba za siku hizi hazina swichi.