Moyo Kwenye Kisahani

Kabla ya kuinamia hadubini, Bi Mwanakheri alipiga hodi, kana kwamba anaingia nyumba ya mtu.

"Karibu, mama," akajibu mtafiti Nzaro, akitabasamu.

Kisahanini kipande chembamba kilikuwa kikidunda. Kilianza kama ngozi ya mkono wa Bi Mwanakheri. Katika mradi huu wa taifa, maabara ya mji mmoja iliigeuza ngozi hiyo kuwa seli shina, zile ziwezazo kuwa seli za kiungo chochote, ya mji mwingine ikazifanya seli za moyo, na hii ikazijaribia dawa.

"Juzi kilidunda ovyo, kama moyo wako. Leo, baada ya dawa, kimetulia," Nzaro akamwambia. " Kesho dawa unaanza wewe."

Bi Mwanakheri akapiga kigelegele. Vyumba vya jirani, vilivyozoea kunong'ona, vikaitikia.

Akainama tena. "Nisubiri, mwenzangu. Naja."

Kikaendelea kudunda taratibu, kama mtu anayemngoja mgeni mlangoni.