Amri ya Mheshimiwa Ngiri

Hapo kale, mbuga ilipokuwa na jeshi la anga lenye ndege mmoja tu, Kapteni Korongo ndiye aliyewabeba viongozi ndani ya tenga. Asubuhi moja Waziri Ngiri alitaka kupelekwa kufungua daraja, akaja na mpishi wake Nungunungu, mwimba sifa Pimbi na mpiga makofi Kicheche. Korongo alijaribu kuruka, akafika kimo cha nyasi, akaanguka puu! Shingo yake nusura ivunjike.

"Mheshimiwa, uzito umezidi. Tutakufa!"

"Wewe ni askari au mwoga? Ruka!"

"Basi mmoja wenu ashuke."

Ngiri akamkazia macho Nungunungu. "Aliye mzito kuliko wote ashuke. Hiyo ni amri!"

Korongo akaleta mizani. Kwa desturi waziri hapimwi, lakini amri ilisema wote. Akapima, akasoma, akapiga saluti.

"Tafadhali shuka, mheshimiwa."

"Mimi?"

"Amri ni yako, mheshimiwa."

Tenga likapaa vizuri kabisa. Kule darajani wanyama walikipigia makofi kiti kitupu cha waziri, wakasema hawajawahi kusikia hotuba tamu kama ile.