Sharti la Kujiunga

Kila mwombaji wa chuo kile husoma sharti hili kabla ya kutia saini: utaondolewa kumbukumbu moja ya nyumbani ili kupisha masomo, wala hutaambiwa ni ipi.

Doto aliporudi likizo, mama yake alimpima huku wakichambua mchele. Alimuuliza jina la bibi, mwaka paa lilipoezuliwa na upepo, hata kovu la gotini. Binti alijibu yote.

“Basi wamechukua kitu kidogo tu,” mama alisema, akashusha pumzi.

Jirani akabisha mlangoni. “Hodi! Mama Kurwa, upo?”

Doto akainua uso. “Mama, Kurwa ndiye nani?”

Mama akaitazama picha ukutani: mapacha wawili, magauni ya kitambaa kimoja, wiki moja kabla ya msiba.

“Karibu ndani,” akamwitikia jirani.