Koti la Jumapili

Koti lilinuka pomada ya nywele. Benoît alilinusa mara ya tatu, kwenye kola, kifuani, kwapani, kama mbwa wa polisi. Yeye na pomada wapi na wapi? Kichwa chake kilikuwa upara tangu vita viishe.

Basi kuna dume lingine lililovaa koti lake la Jumapili, na mwenye ufunguo wa sanduku la nguo alikuwa mmoja tu: Agathe, bibi yake.

Jumapili ndiyo siku Agathe alipokwenda kwenye chama cha akina mama, uani kwa Georgette. Wote walivaa kitenge kimoja, cha kasuku wenye mikia myekundu, na mwanaume hakuruhusiwa hata kuchungulia. Benoît alimkataza mara nyingi, na mara zote Agathe alikwenda. Ofisini aliimba wimbo mwingine.

"Mwanamuke iko kama baiskeli," aliwaambia makarani wenzake. "Ukiazimisha, inarudi bila kengele."

René, karani mkuu, aliupenda sana msemo huo. Bibi yake yeye, alisema, hakohoi bila kuomba ruhusa.

Benoît akakata shauri. Akimwona huyo dume kwa macho yake, Jumatatu Agathe atapanda meli kurudi kwa baba yake huko Barumbu, na watoto watabaki.

Alikwenda dukani kutafuta kitenge cha kasuku. Mwenye duka hakuuliza ni cha nani. Alimpima kwa jicho tu, akamkatia yadi mbili za ziada.

Jumapili alasiri Benoît alinyoa masharubu aliyoyalea miaka tisa, akajifunga kitenge, akashusha kilemba hadi kwenye nyusi. Mlangoni Georgette aliitazama miguu yake, kisha akamwonyesha benchi la nyuma.

"Mama mugeni, ukae kule na wageni wenzako."

Wageni walikuwa wanne, wapana wa mabega, kimya, kila mmoja na kitambaa mdomoni. Aliyekuwa karibu naye alinuka tumbaku. Vibibi vya kijijini, aliwaza Benoît. Hao huvuta kiko.

Gramafoni ikalia. Na kutoka ndani ya nyumba likatokea koti lake. Ndani yake mlikuwa na jamaa mwenye kofia, masharubu na nywele zilizopakwa pomada, kifua mbele kama jogoo aliyeshiba, akamshika Agathe kiuno. Agathe akacheka kicheko ambacho Benoît hakuwa amekisikia tangu harusi yao. Moyo ulimwaka pilipili. Akasimama, ngumi zimekazwa.

"Agathe," jamaa akanguruma, "mwanamuke iko kama baiskeli."

"Ukiazimisha," ua mzima ukaitikia, "inarudi bila kengele."

Jasho lilimshuka jamaa, na masharubu ya makaa yakatiririka hadi kidevuni. Alikuwa mama Colette, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, wa sokoni.

Akina mama walicheka mpaka kuku wakaruka ua. Benoît alibaki wima. Mkono ukamvuta kitenge, akaketi. Jirani yake wa tumbaku alimwinamia, akashusha kitambaa, akanong'ona kwa sauti nene, ileile ya karani mkuu aliyoisikia kila asubuhi ofisini:

"Vumilia, Benoît. Mwezi uliopita ilikuwa koti yangu."