Hata Nati Moja

Maji ya moto yalimkosa Abbasi kwa hatua moja tu. Yalimwagika kwenye vumbi jekundu mbele ya viatu vyake, na dada yake Mwanaamina akabaki amesimama mlangoni mwa duka lake la Kibondo, birika tupu mkononi.

"Sikupi hata nati moja," alisema. "Rudi kwako Kasulu."

"Dada, lile gari limeshakuwa banda la kuku."

"Kuku wangu, gari langu. Na nitaliendesha mwenyewe kabla macho hayajaniishia."

Abbasi alicheka mpaka wapita njia wakageuka. "Utaliendesha na mayai humo ndani?"

Hao ndio watoto wa marehemu Mzee Nurudini, na hivyo ndivyo walivyosalimiana tangu mirathi igawanywe. Mzee aliacha Landrova mbili za zamani, zote mbovu. Kila mtoto alikabidhiwa moja, pamoja na kadi ya gari yenye jina lake. Abbasi, ingawa ndiye mdogo, aliwahi kuchagua, maana haraka ni tabia yake tangu kuzaliwa. Alichukua ile yenye bodi nzuri na taa zake zote. Mwanaamina, ambaye baba yao alimfundisha udereva Abbasi akiwa bado ananyonya, aliachiwa ile iliyoangukiwa na mkaratusi, bodi imebonyea yote. Kadi yake aliifungia kwenye kopo la majani ya chai. Hakusema neno siku ile, na ndugu wakamsifu kwa uvumilivu. Ndugu nao!

Uzuri wa Landrova ya Abbasi uliishia kwenye bodi. Ilikuwa imebeba chumvi ya Uvinza miaka na miaka, na chumvi imeila chasisi hata ukiigusa kwa kidole inamomonyoka. Injini nayo ilikuwa imeganda. Spea za gari la umri ule alizitafuta Kasulu, akazitafuta Kigoma mjini, akachoka. Zilikuwa mahali pamoja tu, chini ya kuku wa Mwanaamina.

Mwaka ule wa 2013 Abbasi alikuwa na shauku moja: kuingia Kibondo na gari la baba, kusimama mbele ya duka la dada yake na kumpigia honi. Basi. Watu wengine huomba afya.

Alimtafuta Séverin, fundi Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyewahi kutengeneza Landrova za misheni huko kwao Uvira. Akampa pesa, akampa na uongo.

"Usinitaje kabisa. Mwambie dada unataka injini ya kuendeshea mashine ya kusaga."

Séverin alirudi na injini juu ya lori la mahindi.

"Patron, ile mama hakukatala," alisema. "Franga yako amerudisha yote. Alisema, kamata tu, mutarudisha."

"Tutarudisha siku ya kiyama," Abbasi alijibu, akitia noti zake mfukoni. "Halafu wanasema mjinga wa ukoo ni mimi!"

Giaboksi ikafuata, kwa uongo uleule. Ilipofika zamu ya chasisi, uongo ukageuka kuwa tela la kuvutwa na trekta. Séverin aliileta nzima, haina hata mkwaruzo.

"Nilikuta kuku zimeshahamishwa, patron. Aliniambia tu niing'oe polepole, nisiikwaruze."

"Kuku zake zinanihusu nini?"

Wakaipandisha ile bodi nzuri juu ya chasisi ya Mwanaamina, ikakaa sawasawa. Chasisi iliyoliwa na chumvi na ile injini iliyoganda zikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na Abbasi hakugeuka hata kuziaga.

Siku ya kupiga rangi, Séverin alisita na brashi yake mkononi.

"Patron, hizi namba za chasisi, nipitishe rangi juu yake?"

"Thubutu! Namba za kiwandani ndizo zinazoonesha kwamba gari ni la kale kweli. Zipige nyeupe, zisomeke."

Séverin alimtazama kidogo. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

Abbasi aliingia Kibondo siku ya gulio, saa nne asubuhi, amevaa kanzu mpya, Séverin pembeni yake. Alisimama mbele ya duka la dada yake na kuikandamiza honi bila huruma. Wauza ndizi waliacha ndizi zao. Watoto walikimbilia mbele ya gari. Roho ya Abbasi ilisuuzika.

Mwanaamina alitoka taratibu, amevaa viatu vya kufunga kamba badala ya kandambili zake za kila siku. Nyuma yake alitoka askari wa trafiki akifuta mdomo, maana alikuwa ndani anakunywa chai. Mkononi askari alishika kadi ya gari ya Mwanaamina, ile ya kwenye kopo la majani ya chai.

Askari hakusalimia. Aliinama penye zile namba nyeupe, akazisoma moja moja huku kidole chake kikizifuata kwenye kadi. Akafungua boneti, akasoma na za injini.

"Chasisi na injini ni za Mwanaamina Nurudini," alisema. "Una hati ya kuuziana?"

"Hizo zilikuwa za mashine ya kusaga..." Abbasi alianza.

Séverin alikuwa ameshateremka.

Mwanaamina alifungua mlango wa dereva, akakunja ncha ya khanga yake tayari kufuta kiti.

"Asante kwa spea, mdogo wangu," alisema. "Sasa teremka."